Sheria ya Kiatu cha Kushoto

Jumatatu, 4 Mei

Nimetangaza vita. Adui ni shemeji.

Kwa faida ya vizazi vijavyo, niandike vizuri. Shemeji ni kaka wa mke wangu. Anauza miwani. Jana mchana alikuja kutusalimia na mwanawe wa miaka saba, yule anayejulikana mtaa mzima kama Profesa. Hata maji hawajanywa, Profesa akasimama katikati ya mkeka, akabana mikono ubavuni, akamwaga Kiingereza dakika nzima bila kuvuta pumzi. Shemeji alifumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

Kisha akamgeukia binti yangu, akamuuliza kitu kwa Kiingereza. Binti yangu naye ana miaka saba, wako darasa moja na Profesa. Nyumbani tunamwita Chiriku, kwa sababu tangu alipoanza kusema hajafunga mdomo. Akamjibu mjomba wake maneno manne ya Kiingereza, akaongezea arobaini ya Kiswahili, habari za paka wa jirani aliyezaa ndani ya kapu langu la viraka. Habari tamu. Mimi mwenyewe nilikuwa nacheka.

Shemeji akacheka kwa pua. Akasema mtoto si mbaya, ila anachanganya lugha kama nguo za rangi kwenye beseni moja.

Kwa pua! Nyumbani kwangu! Juu ya kiti nilichokivisha kitambaa kwa mikono yangu!

Tarehe 15, Ijumaa ya wiki ijayo, ni siku ya wazazi darasani kwao. Kila mtoto atasimama na kitu kutoka nyumbani akieleze kwa Kiingereza. Mkuu wa shule atakuwepo. Atakayeshindwa kufungua mdomo atarudishwa darasa la kwanza. Tumewekeana dau mimi na shemeji: ambaye mtoto wake atashindwa, atamwita mwenzake Mwalimu mbele za watu mwaka mzima.

Siwezi kumwita muuza miwani Mwalimu. Heri nile cherehani yangu.

Jumanne, 5 Mei

Sheria imepita. Niliipitisha mimi, baada ya mashauriano marefu na mimi.

Kuanzia leo, ndani ya kuta nne za nyumba hii, ni Kiingereza tu. Atakayekamatwa na Kiswahili atavaa kiatu shingoni, na atakaa nacho mpaka amkamate mwingine. Kiatu ni changu cha zamani, cha mguu wa kushoto, kisigino kimeliwa na barabara. Nimekitoboa kwa sindano kubwa, nikakitunga kwenye utepe wa kupimia uliofutika namba.

Wazo nimelitoa shuleni kwetu enzi zile. Sisi tulivishwa mfupa wa ng'ombe. Mimi niliuvaa miaka mitatu karibu kila siku, na matunda yake yanaonekana: mpaka leo naweza kusema kwa Kiingereza habari za asubuhi, kaa chini, na sitarudia tena bwana.

Jioni nikawakusanya sebuleni. Mke wangu, Chiriku, na mama mkwe anayeishi nasi, ambaye hajui Kiingereza hata cha kukohoa. Nikaeleza sheria kwa ufasaha, kifungu kwa kifungu, robo saa nzima. Nilipomaliza Chiriku akanyoosha kidole. Akaninyooshea mimi. Yote nilikuwa nimeyaeleza kwa Kiswahili.

Nikavaa kiatu. Kiongozi lazima aonyeshe mfano.

Mke wangu anapokea wagonjwa pale zahanati. Aliposimama akanijibu kwa Kiingereza. Kirefu! Chenye mikunjo na pindo! Miaka tisa ya ndoa sikujua kama anakijua. Sikuwahi kumuuliza. Nikatikisa kichwa kukubali, kwa heshima ya taaluma. Baadaye, nje kwenye kibaraza, Chiriku akanieleza nilichokubali. Nitaosha vyombo mpaka tarehe 15.

Jumatano, 6 Mei

Kazi imeanza rasmi.

Nimebandika majina ya Kiingereza kwenye kila kitu. Mlango, ndoo, meza, jiko, kabati, mama mkwe. Mama mkwe alibandua la kwake bila kunitazama. Gundi nimepika mwenyewe kwa unga wa ngano, imeshika kweli kweli.

Kitabu je? Mtoto wa Kiingereza lazima awe na kitabu. Nikapekua nyumba nzima. Kipo kimoja: kitabu cha maelekezo cha cherehani yangu. Kina picha, karatasi zinang'aa, kinene kama mkate. Kilikuja na mashine na sijawahi kukifungua, kwa sababu fundi wa kweli hasomi maelekezo. Tutasoma kurasa mbili kila jioni.

Leo Chiriku amemaliza onyo la kwanza mpaka la nne. Amesema kwa Kiingereza safi kwamba vidole visiwekwe chini ya sindano, na kwamba mashine isiachwe peke yake ikiwa imewashwa. Machozi yalinilengalenga. Profesa anajua hayo? Thubutu!

Kisha mtoto akauliza, kwa Kiswahili, kwa nini mashine isiachwe peke yake, kwani inaogopa? Swali zuri sana. Nikamvisha kiatu.

Hakuuliza tena.

Alhamisi, 7 Mei

Sisimizi.

Wameingia kwa maelfu, wanakula gundi. Neno la kabati limeanguka. Neno la mlango limebebwa zima zima mpaka chini ya kizingiti, nililiona kwa macho yangu likitembea. Mke wangu akatoa maelezo marefu kwa Kiingereza akiwa ameshika ufagio. Sikutikisa kichwa. Najifunza!

Lakini hilo dogo. Kubwa ni mama mkwe. Asubuhi alikaa sebuleni kimya, ungo wa mchele mapajani, kiatu shingoni, kwa sababu aliamka akamuuliza mjukuu wake kama amelala salama. Saa nne akasimama. Akabeba kigoda, akabeba ungo, akatoka nje, akakaa kwenye kibaraza. Akakivua kiatu akakitundika kwenye kitasa cha mlango, upande wa ndani. Kisha akaanza kuongea na akaongea mpaka adhuhuri. Na muuza maji, na jirani, na mchele.

Nikamfuata. Nikamkumbusha kwa adabu kwamba kuna sheria. Akasema, mwanangu, ulitamka mwenyewe kuta nne, hebu zihesabu hapa nilipo. Nikahesabu. Kibaraza kina ukuta mmoja.

Nani alimfundisha sheria huyu mama?

Chiriku alirudi kutoka shule saa nane. Akafika kizingitini, akachungulia ndani, akaniona nimeshika kitabu cha cherehani. Akageuka akaenda kukaa na bibi yake.

Ijumaa, 8 Mei

Siku mbaya kazini. Niandike haraka nisije nikazidisha hasira.

Chumba changu cha kushonea ni chumba cha mbele, kwa hiyo kiko ndani ya kuta nne, kwa hiyo kiko chini ya sheria. Hata wateja. Nimebandika tangazo, sisimizi wamelila nusu. Akaja dereva wa lori, mtu mkubwa, mkononi ana suruali yake ya safari. Akaanza kunieleza kwa Kiswahili. Nikaweka kidole mdomoni nikamwonyesha tangazo. Akajaribu Kiingereza, akakwama. Na mimi nikakwama. Tukabaki tunatazamana kama watu wawili mbele ya mlango mmoja.

Mwishowe akaonyesha goti la suruali. Akaligonga mara mbili. Akachora mstari kwa kidole. Nikaelewa! Nikaitikia! Lugha si kikwazo kwa mafundi.

Nikakata miguu yote miwili pale pale gotini, nikaipiga pindo safi sana.

Kumbe goti lilikuwa na tundu. Alitaka kiraka.

Dereva alirudi jioni. Alinipa vidonge vyangu kwa sauti ya kusikika mpaka zahanati, na kwa Kiswahili, na sikuthubutu kumtajia kiatu. Aliondoka amevaa ile kaptura, kwa sababu suruali nyingine hakuwa nayo. Mama mkwe alimpa kigoda na chai pale nje. Walicheka pamoja muda mrefu. Nilisikia neno "fundi" mara sita.

Jumapili, 10 Mei

Kuna njama.

Jana mke wangu alitoa jiko nje. Alisema, akiwa nje, kwamba ndani kuna joto. Leo ametoa meza. Halafu mkeka. Halafu redio. Nyumba nzima sasa iko kwenye kibaraza. Mimi niko ndani na kitanda, cherehani na sheria.

Mchana nilikula peke yangu kwa Kiingereza. Hakikufika hata kijiko cha tatu. Baada ya kaa chini sikuwa na la kusema, na nilikuwa tayari nimekaa.

Nimevaa kiatu tangu asubuhi. Nilijikwaa kwenye ndoo nikasema neno la Kiswahili, tena lile ambalo siliandiki hapa. Hakuna aliyenisikia, lakini mimi ni mtu wa haki, nikajivisha. Sasa sina wa kumkamata. Sheria hii ina tundu ambalo sikuliona.

Jioni mama mkwe alikuwa akiwasimulia hadithi. Nilisikia vipande tu kupitia dirishani. Kuna mfalme. Kuna ndege. Chiriku alikuwa anaruka na maswali: kwa nini, kisha ikawaje, bibi rudia hapo. Alikuwa anaigiza sauti za ndege wote. Zamani maswali hayo nilikuwa naulizwa mimi. Nilikuwa nashona huku najibu, na mara nyingine nashona mkono wa shati kwenye kola kwa ajili ya kumsikiliza.

Niliumia. Naandika hivyo hivyo, niliumia.

Nikasogea dirishani nisikie vizuri. Waliona kiatu, wakanyamaza.

Jumatatu, 11 Mei

Nimeitwa shule. Na mwalimu wa darasa, mwanamke kijana, sauti ya pole, macho makali.

Alinipa mfuko. Ndani yake sketi ya Chiriku imelowa. Akanieleza. Mtoto huyu wiki mbili zilizopita alikuwa anaongea kuliko darasa zima. Kiingereza kikimpungukia anaziba kwa Kiswahili, wenzake wanamsaidia, anaendelea. Siku hizi hafungui mdomo. Leo alibanwa, akashindwa kuomba ruhusa ya kwenda msalani. Alikuwa hajui aiombe kwa Kiingereza, na kwa Kiswahili aliogopa. Mwalimu alipoona anajinyonganyonga, akamuuliza anataka nini. Chiriku akasimama akajibu kwa Kiingereza kwamba kabla ya kuanza kushona hakikisha sindano imekazwa.

Sentensi nzima! Bila kosa! Nilitaka kushangilia, ila mwalimu alikuwa hacheki.

Akaniuliza kama nyumbani kuna jambo lolote. Nikasema hakuna. Akaniuliza nyumbani tunaongea lugha gani. Nikajibu Kiingereza tu, nikatanua kifua. Akashusha pumzi. Akasema, baba, mimi nitamfundisha Kiingereza, hiyo ndiyo kazi yangu, naomba wewe uendelee kuongea naye lugha unayoijua vizuri. Msimulie. Mbishane. Akirudi, muulize kwa Kiswahili amejifunza nini. Mtoto aliyezoea kueleza jambo kwa lugha moja atapata njia ya kulieleza kwa nyingine. Akinyamaza zote mbili, mimi sina pa kuanzia.

Nilitafakari njia nzima. Mwalimu anataka nisimfundishe mtoto Kiingereza. Kwa nini? Nani anafaidika? Na miwani aliyovaa ameinunua wapi?

Nimeshajua. Huyu yuko upande wa shemeji.

Niliifua ile sketi mwenyewe. Niliishona mwezi wa kwanza, na kiunoni niliacha nafasi ili aivae na mwaka ujao. Nilipoikamua nilijisikia vibaya sana, mpaka nikakaa chini karibu na beseni. Halafu nikakumbuka zimebaki siku nne.

Jumanne, 12 Mei

Upelelezi.

Nilifunga kazi mapema nikaenda dukani kwa shemeji. Nikajibanza nyuma ya lile jicho kubwa la bati, tangazo la duka, lililosimamishwa mlangoni. Ndani, Profesa alikuwa amesimamishwa juu ya stuli. Anasema mistari yake, ile ile kumi na miwili. Shemeji anapiga mdundo kwa kidole juu ya kioo. Akikosea, anarudi mwanzo. Mtoto alikuwa na macho mekundu. Akauliza, baba, hili neno la mstari wa tano maana yake nini? Shemeji akasema maana atafundishwa baada ya tarehe 15.

Siri nimeipata: hajui! Shemeji hajui Kiingereza! Anamkaririsha mwanawe kitu asichokielewa. Aibu iliyoje. Mtu mzima na akili zake.

Niligeuka kuondoka, jicho la bati likaanguka.

Shemeji akatoka mbio. Nikasema nimekuja kupimwa macho. Akanikalisha, akanionyesha herufi, nikazisoma zote mpaka ile mistari ya chini kabisa. Akasema hali ni mbaya. Akanivisha miwani, akaniambia nisiivue mpaka Jumamosi, macho yazoee. Nimerudi nyumbani kwa kupapasa ukuta. Siwezi kuivua, atajua nilikuja kupeleleza.

Alhamisi, 14 Mei

Mazoezi ya mwisho. Nikamwita Chiriku ndani.

Nilimwandalia hotuba kutoka ukurasa wa nne mpaka wa tisa. Anaanza kwa kuwapongeza wazazi kwa kununua mashine hii. Anaendelea na maonyo. Anamalizia na namna ya kutia mafuta. Aliisema yote, neno kwa neno, macho ukutani. Sauti haikuwa ya Chiriku. Hata mimi niliona, pamoja na miwani hii.

Nikamwambia abebe kitabu cha cherehani kama kitu chake cha nyumbani. Akatikisa kichwa. Akaashiria kiatu shingoni kwangu.

Jamani! Katika nyumba nzima mtoto kachagua kiatu cha baba yake! Nikakivua nikamvisha kwa heshima zote. Nilishindwa kuzungumza, na kwa lugha yoyote ile.

Akakimbia nje. Nikawasikia yeye na bibi yake wakinong'ona muda mrefu sana.

Ijumaa, 15 Mei

Niandike yote kwa mpangilio.

Darasa lilijaa. Mkuu wa shule mbele na daftari lake. Shemeji kando yangu, ananukia marashi. Mke wangu na mama mkwe benchi la nyuma. Mimi na miwani yangu, naona ukungu wenye nguo.

Profesa alianza. Mistari kumi na miwili, pumzi moja. Makofi! Shemeji akanigusa kiwiko akaninong'oneza nianze kuzoea lile neno Mwalimu. Kisha mwalimu akamuuliza Profesa, kwa Kiingereza chepesi, nyumbani kwao nani anavaa miwani. Profesa akabana mikono ubavuni. Akaanza mstari wa kwanza. Mwalimu akauliza tena taratibu. Mstari wa kwanza tena. Shemeji alikuwa anatikisa midomo kama samaki. Mwalimu akambembeleza mtoto, akamrudisha kwenye kiti.

Nilikaribia kucheka kwa pua. Nikasikia jina la Chiriku.

Akasimama. Kiatu mkononi. Kimya.

Nikaanza kumsaidia kutoka nyuma. Nikaonyesha kidole, nikaonyesha sindano, nikaigiza kutia mafuta. Kimya. Mkuu wa shule akafungua daftari, nikasikia kalamu ikibofywa. Na hapo nikaogopa. Niseme kweli yote: shemeji sikumfikiria hata kidogo. Nilikuwa namfikiria mtoto ambaye wiki mbili zilizopita nilimwomba anyamaze nimalize kupima nguo, na sasa ningetoa cherehani yangu asikike.

Mwalimu akachutama mbele yake. Akamwambia kwa Kiswahili, wazi wazi, mbele ya mkuu, tueleze kwanza hivyo hivyo unavyoweza. Chiriku akanitazama mimi. Akaangalia kiatu.

Nyuma yangu mama mkwe akakohoa, akasema kwa sauti, basi palikuwa na mfalme.

Na Chiriku akafunguka! Palikuwa na mfalme aliyesikia jogoo wa jirani akiwika, akaona wivu. Akaamuru ndege wote wa nyumbani kwake wawike kama jogoo. Asiyeweza avae jiwe shingoni, akaonyesha kiatu. Njiwa akajaribu akakabwa. Kasuku akawika asijue anawika nini. Mmoja mmoja wakahamia kwenye ua, wakaimba huko. Mfalme akabaki ndani peke yake, jiwe shingoni, kwa sababu hata yeye mwenyewe kuwika hajui. Chiriku aliigiza sauti za wote. Watoto walikuwa wanabiringika.

Mwalimu akamwambia, haya, sasa tupe kwa Kiingereza. Akatoa! Taratibu, neno kwa neno, maneno yake mwenyewe. Lilipokosekana neno alilitaja kwa Kiswahili, darasa zima likampigia kelele la Kiingereza, akalichukua akaendelea. Hata Profesa alipigia kelele neno moja, na lilikuwa sahihi.

Nilicheka kuliko wote. Mfalme mjinga kupindukia! Nikamwambia baba mmoja jirani yangu kwamba watu wa namna hiyo wapo, tena wengi. Akanitazama muda mrefu. Kwa ujumla darasa zima liligeuka likaangalia upande wangu, au nadhani hivyo, kwa miwani hii sina hakika. Nafikiri walikuwa wanaangalia saa ya ukutani.

Mkuu wa shule alifuta macho. Akamuuliza Chiriku kwa Kiingereza, huyo mfalme ni mbaya? Akajibu, mwenyewe, bila kusaidiwa na mtu, kwamba mfalme si mbaya, ila hasikii. Mkuu akauliza, na je, alitoka nje kwa ndege wake? Chiriku akanitazama tena.

Akasema bado.

Mkuu akafunga daftari. Anabaki darasa lake. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto.

Jumamosi, 16 Mei

Ushindi! Nimevua miwani, naona mbali kabisa.

Jana jioni Chiriku alinishika mkono akanivuta mpaka kibarazani. Nilikubali kukaa, kwa ajili ya ukaguzi tu. Nikasimuliwa habari za paka wa jirani upya, na paka sasa wana majina. Nikajikuta naongea Kiswahili saa mbili nzima. Ilikuwa raha kiasi kwamba nilisahau kukagua.

Kiatu mwalimu amekichukua. Kakifungia kabatini kwake, akasema kitakaa salama huko. Ni wazi ameipenda mbinu, anataka kuitumia na wengine. Sikumdai sifa.

Asubuhi mke wangu alisema anatumaini nimepata funzo. Nikamwambia nimelipata, tena kubwa. Kiatu pamoja na kitabu cha cherehani, siku kumi, mtoto anasimama mbele ya mkuu wa shule anasimulia kwa Kiingereza! Akasema sentensi moja kwa Kiingereza, nikatikisa kichwa kukubali. Sijui ni vyombo au ni nini.

Saa sita shemeji akapita kuchukua miwani yake. Ana mipango, mtu yule hatulii. Anasema Kiingereza kila mtu anacho siku hizi, kuanzia Jumatatu Profesa anaingia kwenye Kifaransa. Dau letu hakulitaja kabisa.

Nikajitia hamnazo. Alipoondoka nikakimbilia ndani nikafungua kile kitabu. Nilijua! Kinene vile si bure! Kuanzia ukurasa wa thelathini na moja maonyo yote yameandikwa tena kwa Kifaransa. Na baada yake kuna lugha nyingine, yenye herufi kama vijiti, hiyo tutaianza mwezi wa saba.

Makosa ya mwanzo nimeyarekebisha. Tatizo lilikuwa ni kuta. Safari hii sheria itahesabu kibaraza, ngazi, ua na njia yote mpaka kwa muuza maji.

Chiriku yuko nje na bibi yake, anaimba, nasikia mpaka huku. Namaliza kutoboa hapa kisigino, halafu niende nikawatangazie. Bahati nzuri sijawahi kutupa kitu katika maisha yangu. Kiatu cha kulia bado ninacho.